Vitabu vya Kweli kwa Watoto wa Igunguli

Maktaba ya Watoto,
Mwanza,
9 Februari, 1975

Mwanangu Kemilembe,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii naikabidhi kwa dereva wa lori la ushirika anayevuka kivuko cha Busisi kila Jumatatu. Ni mtu mwaminifu ila mnywaji, kwa hiyo ukiikuta ina harufu usinifikirie vibaya. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu. Chumba changu cha Pasiansi kilikuwa kinavuja juu ya kitanda, nikahamisha kitanda, sasa kinavuja juu ya kitanda palepale kilipohamia. Baba yako ameniandikia kutoka Kamachumu kwamba kahawa si mbaya mwaka huu. Mama yako anakohoa lakini bado anaingia shambani. Anauliza kama ni kweli huko mnakula ule unga wa njano wa msaada.

Sasa nikueleze juu ya sanduku. Bwana Chenge, mkuu wetu wa maktaba, amekubali sanduku moja la vitabu lije shuleni kwenu kwa majaribio. Ameniagiza pia niandike orodha ya vitabu vya maarifa vinavyofaa watoto wa vijiji vipya. Nimefanya kazi na watoto wa mjini kwa miaka kumi na mmoja, lakini kijiji cha ujamaa nimekiona kupitia dirisha la basi tu. Wewe unaishi humo na ni mwalimu. Wasomee, kisha uniandikie ukweli hata kama haupendezi.

Anza na kile chenye jalada la kijani, kinachohusu picha za kwenye miamba. Kinaeleza jinsi watu wa kale walivyosaga udongo mwekundu, wakauchanganya na mafuta, wakachora wanyama na watu mapangoni, na hapa nchini zipo Kondoa. Aibu yake ni kwamba kinasimulia rangi kurasa arobaini na picha zake zote ni nyeusi na nyeupe. Cha pili kinafundisha kuchora hatua kwa hatua. Hicho ni kizuri mwanzoni, kisha kinang'ang'ania farasi, na sijui mtoto wa huko atamwona wapi farasi. Cha tatu ni historia ya maktaba, tangu vibao vya udongo na vitabu vya ngozi hadi makabati ya kadi kama haya yetu. Kiingereza chake ni kigumu, itabidi uwafasirie. Lakini mwandishi wake hawadharau watoto. Hasemi "zamani sana" pale anapojua mwaka.

Nimeweka na buni za kutafuna ndani ya soksi. Usiwape walimu wenzako zote.

Shangazi yako anayekuombea,
Wilhelmina


Shule ya Msingi Igunguli,
2 Machi, 1975

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sanduku lilifika kavu, na buni nilizitafuna peke yangu. Mwambie mama kwamba unga wa njano tunakula, na ukiuzoea unafanana na chakula. Afya yangu ni njema. Watu wa hapa ni wakarimu kwa kile kidogo walicho nacho, maana wamehamia mwezi wa Septemba tu na mashamba yao ya zamani yako mbali. Wengine nyumba zao ziliezuliwa mapaa ili wasirudi. Shule bado haina jengo. Tunafundishia ndani ya ghala la pamba, na mimi nalala katika chumba cha mizani pembeni yake.

Umetaka ukweli. Kitabu cha kuchora wamekikataa, kama ulivyodhani. Walimwita farasi "punda wa padri" wakacheka hadi kipindi kikaisha. Cha miamba kimewashika. Niliwasomea mara tatu, na siku ya pili walikuja na udongo mwekundu na mkaa bila kuagizwa.

Lakini nikueleze kuhusu kile cha maktaba. Tulifika kwenye picha ya vitabu vilivyofungwa minyororo kwenye meza, kule Ulaya ya zamani. Malimi, mtoto wa mhunzi, aliuliza kama vilikuwa vinauma watu. Nikasema hapana, walivifunga kwa sababu vilikuwa na thamani. Ndipo Odeta wa darasa la tano, ambaye husema neno moja kwa wiki, akasema, "Walivifunga ili visirudi kwao." Hakuna aliyecheka, Shangazi. Nilifunga kitabu nikawaambia watoke wakacheze.

Kiweke kwenye orodha. Andika kwamba mwalimu akisome kwanza peke yake.

Sasa jambo langu. Umewahi kuniambia kwamba maktaba itaajiri msaidizi na kwamba maombi yanapokelewa hadi mwisho wa Aprili. Nimeambatanisha barua yangu ya maombi na nakala ya cheti cha kidato cha nne. Nimeipitisha kwako, kwa mkono wa dereva wa lori, kwa sababu barua za hapa zote hupita kwa Katibu wa kijiji, Ndugu Mihayo, na yeye huzisoma. Kwenda Busisi tu ni mwendo wa saa nne, na huendi bila karatasi yake. Si mtu mbaya. Ila Jumapili iliyopita niliomba ruhusa ya kwenda misa ng'ambo, akaniuliza, "Mwalimu, Mungu wa hapa ana kasoro gani?"

Mpe Bwana Chenge mkononi, tafadhali. Sijamwomba mtu mwingine yeyote.

Mwanao,
Kemilembe


Mwanza,
6 Aprili, 1975

Mwanangu,

Amani ya Pasaka iwe kwako. Mvua zimeanza, ziwa limechafuka na dagaa wamepanda bei. Miguu ni ileile. Mama yako amepelekwa hospitali ya misheni mara mbili kwa kile kikohozi. Baba yako anasema ni baridi ya masika. Mwanaume akisema hivyo mara mbili, mimi huanza kusali.

Barua yako kuhusu minyororo Bwana Chenge aliisoma kwa sauti mbele ya kikao, na wageni kutoka Dar es Salaam walikuwepo. Mmoja aliandika maneno ya yule mtoto kwenye daftari lake. Orodha yangu imesifiwa. Nimeambiwa masanduku mengine matano yatatoka.

Nakuletea kitabu kingine, chembamba, kuhusu jinsi vitabu vinavyotengenezwa: karatasi, uzi, gundi, jalada. Mwandishi amekosea kitu kimoja, anadhani kila nyumba ina mkasi. Wafundishe kukunja na kushona kwa uzi wa gunia. Na endelea na kile cha miamba. Kitabu cha sanaa kinachomwacha mtoto ameketi tu hakijafanya kazi yake.

Kuhusu lile jambo lako jingine, mambo ya ofisi huenda polepole. Vumilia.

Shangazi yako,
Wilhelmina


Igunguli,
18 Mei, 1975

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kwamba mama anaendelea vizuri. Wewe na baba mnaniandikia kuhusu kikohozi chake kana kwamba ni kuku aliyepotea, ambaye atarudi tu jioni. Niambieni wazi.

Nilifuata ushauri wako. Nilipomaliza kile cha miamba kwa mara ya nne, niliwaambia watoto, "Watu wa kale walichora kile ambacho hawakutaka kisahaulike. Nanyi choreni chenu." Niliwapa ukuta wa ndani wa ghala, maana karatasi hakuna. Nilitarajia wachore ng'ombe.

Walichora kwao, Shangazi. Watoto arobaini na wawili, kila mmoja na sehemu yake ya ukuta, walichora makazi yao ya zamani: zizi, mkwaju, njia ya kisimani, kaburi la babu. Odeta alichora nyumba yao isiyo na paa, na ndani yake mama yake amekaa anasonga ugali kana kwamba paa lipo. Yule mtoto ana mkono wa kuchora. Nilisimama pale nikajua kwamba inabidi nifute, na sikufuta.

Alhamisi Ndugu Mihayo akaja na wageni kutoka wilayani. Walitazama muda mrefu. Mgeni mmoja akasema picha ni nzuri. Mihayo aliwasindikiza hadi garini, akarudi.

Kisha akaniuliza, "Nani amewaambia watoto wachore mahame?"

"Mimi nimewaambia wachore."

"Mwalimu, mimi mwenyewe nilitolewa kule. Unadhani mimi sina kaburi la baba yangu kule? Nimekaa miezi minane nikiwaambia watu kwao ni hapa. Wewe kwa siku moja na mkaa umewarudisha wote."

Kilichoniuma ni kwamba hakuwa akisema uongo. Kesho yake watoto walipaka chokaa ukuta mzima, wakiimba, maana waliambiwa waimbe. Sanduku la vitabu liko ofisini kwake na kufuli juu. Mwalimu mkuu, Ndugu Ndalahwa, ananisalimu kwa mbali siku hizi.

Kwa hiyo naomba uniambie, Aprili imekwisha. Bwana Chenge amesemaje?

Kemilembe


Mwanza,
29 Juni, 1975

Mwanangu Kemilembe,

Nimerudi jana na meli kutoka Bukoba. Pole, mwanangu. Pole sana. Simu ya maandishi tuliituma Jumatatu tarehe 9, na baba yako akasema tusizike hadi Alhamisi kwa ajili yako. Kila gari lililopanda mlima watu waligeuza shingo. Alhamisi alasiri Padri akasema haiwezekani kungoja tena.

Mama yako hakuteseka siku ya mwisho. Asubuhi aliomba ndizi za kuchoma, akala moja nzima, akasema zimekaa motoni mno. Mchana akalala. Kemilembe, alikuwa mwepesi. Nilimwosha mimi na dada zake, na tulikuwa kama tunaosha mtoto wa shule.

Watu waliuliza uko wapi. Mjomba wako Bagenda alisema maneno makali mbele ya wageni, kwamba msichana akisoma sana husahau alikotoka. Baba yako alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na hilo silisahau.

Je, simu haikufika? Au uliugua? Niandikie hata mistari miwili. Nguo zake nimekuwekea, na ile rozari ya mbao.

Shangazi yako,
Wilhelmina


Igunguli,
13 Julai, 1975

Shangazi,

Shikamoo. Simu ilifika Jumatano. Ililetwa shambani tulipokuwa tunavuna pamba ya shule. Nilikwenda kwa Mihayo na gunia la pamba bado begani.

Alisoma, akaweka chini, akasema pole. Naamini alimaanisha. Kisha akasema kwamba kuna barua kutoka wilayani juu yangu kwa sababu ya zile picha, na hadi ijibiwe haruhusiwi kuniandikia karatasi ya kutoka. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema, "Najua, Mwalimu. Hata mimi ningetamani nisiwe Katibu leo."

Nilikwenda bila karatasi. Nilifika Busisi usiku, nikalala nje ya duka, na asubuhi mgambo wa kivukoni akaniuliza karatasi. Niliona ng'ambo ya maji, upande wa Kigongo, Shangazi. Niliona watu wanapanda basi la Mwanza. Nilirudishwa kwa lori la mbolea. Alhamisi ile mliyokuwa mnanisubiri nilikuwa nafundisha hesabu za mafungu, maana sikujua nifanye nini kingine.

Mwambie mjomba Bagenda hivyo, au usimwambie.

Nina swali moja, na nataka jibu lake tu, hata kama ni neno moja. Kama Mei ningekuwa nimeajiriwa Mwanza, Juni ningepanda meli na kumzika mama yangu. Barua yangu ya maombi ilifika kwa Bwana Chenge?

Kemilembe


Mwanza,
3 Agosti, 1975

Kemilembe,

Haikufika.

Nimeandika neno moja kama ulivyotaka, na sasa naandika mengine kwa sababu siwezi kuishia hapo. Kama hutaki, acha kusoma.

Nilipoipokea mwezi wa Machi niliiweka kwenye droo yangu, chini ya kadi za vitabu vilivyopotea. Nilijiambia kwamba nitaipeleka wiki inayofuata. Kisha Bwana Chenge akaisoma ile barua yako ya minyororo mbele ya kikao, na nikaona kwamba ukiondoka Igunguli sanduku litarudi, na orodha yangu itakuwa orodha tu ya mama mmoja wa mjini. Nikajiambia watoto wale wanakuhitaji. Hiyo ndiyo sababu niliyojiandalia kukuambia, na ningeisema vizuri sana.

Ya kweli ni hii. Mimi nina darasa la nane. Nilianza pale mwaka wa sitini na nne nikifuta vumbi, na kila kadi iliyo kwenye lile kabati nimeiandika kwa mkono wangu. Wewe una kidato cha nne na ualimu. Nilikuona umekaa kwenye meza ile ya mbele, nami nikikuletea chai na kukuita Mama. Wewe, mtoto wa ndugu yangu mwenyewe, niliyekushika siku ya ubatizo, nikakuonea wivu kwa kiti.

Nilisimama kaburini kwa mama yako nikijua. Bagenda alipokusema vibaya, mimi peke yangu pale nilijua kwa nini hukuwepo, au nilijua nusu yake. Nilimwaga udongo na watu wakanishika mkono wakisema pole, nikaitikia.

Jana niliichukua ile barua nikampa Bwana Chenge na kumweleza yote. Nafasi ilishajazwa mwezi wa Mei. Aliisoma yote, akaniuliza kama najua kwamba angeweza kunifukuza. Nikamwambia najua. Akasema nirudi kazini, watoto wananingoja mlangoni. Sijui kama ni huruma au ni adhabu. Kila siku nafungua mlango ule saa mbili na nusu na kuufunga saa kumi na moja, na katikati yake sina pa kwenda.

Sikuombi kitu.

Wilhelmina


Magu,
25 Januari, 1976

Shangazi,

Shikamoo.

Nimekaa miezi sita bila kukuandikia. Niliandika mbili na kuzichoma jikoni, na ni vizuri kwamba hukuzisoma. Baba amenieleza kwamba ulikwenda Kamachumu Desemba ukamwambia mwenyewe, na mbele ya mjomba Bagenda. Anasema mjomba alitoka nje akakaa kwenye migomba muda mrefu. Baba hajasema yeye alifanya nini, na sijamwuliza.

Mwezi wa Novemba Afisa Elimu alikuja kukagua. Nilingoja awe amesimama katikati ya watu wote, walimu, Mihayo, wazazi, nikampa maombi yangu ya uhamisho mkononi. Bahasha iliteleza ikaanguka kabla hajaishika, na aliyeiokota ni Mihayo. Aliigeuza, akaona imeandikwa kwa nani, akaifuta vumbi kwenye suruali yake na kumpa. Siku ile ile akafungua kufuli la sanduku, bila maelezo. Vitabu vimebaki Igunguli na Odeta ndiye anayeviazimisha. Ameandika sheria mlangoni: ukirudisha, useme kitabu kimekosea wapi.

Kwa hiyo niko Magu, shule ya mjini, nina madarasa mawili na chumba chenye dirisha. Hapa kuna pamba na mpunga na magari yanayopita barabarani kutwa. Bado huwa naamka nikitafuta ni nani wa kumwomba ruhusa ya kutoka.

Nilipohama nilipita Mwanza. Basi la Magu lilikuwa la alasiri, nami nilikuwa na saa tatu za kungoja. Niliingia maktaba.

Ulikuwa umepiga magoti kwenye rafu ya chini kabisa, unamtafutia kitabu mtoto wa kike mwenye sare iliyochanika begani. Nilisimama nyuma ya rafu ya jiografia. Ulikipata, ukajaribu kuinuka, ikabidi ushike rafu kwa mikono miwili. Sikujua kwamba miguu imefikia hapo. Ulikuwa unaandika "miguu" kila barua, nami nilikuwa naruka huo mstari.

Mtoto akakuuliza, "Hiki ni cha hadithi au ni cha kweli?"

Ukamwambia, "Ni cha kweli. Lakini hata cha kweli kimeandikwa na mtu, na mtu hukosea. Kisome chote, kisha uje uniambie."

Nilifungua mdomo kukuita. Neno "Shangazi" lilifika hapa, kwenye meno, likakaa. Nilihesabu rafu kati yetu, zilikuwa mbili. Mtu akiniona kwa mbali angedhani nachagua kitabu. Kisha mlinzi wa mlangoni akaniuliza kama natafuta kitu, nikasema hapana, nikatoka. Nilifika stendi mapema mno nikakaa juu ya begi langu, na nililia kwa ajili ya mama, na katikati yake nikagundua kwamba nalia na kwa ajili ya magoti yako, na hilo lilinikasirisha sana.

Sijakusamehe. Nakuambia ili usije ukadhani. Sijui kama ni kitu kinachokuja siku moja kama barua, au ni kazi kama ya shamba.

Shule ya hapa haina kitabu hata kimoja cha sanaa, na cha historia ya maktaba usiseme. Mwalimu mkuu ameniuliza kama namjua mtu Mwanza anayeweza kutushauri. Nikamwambia namjua.

Nimeandika anwani yangu chini hapa. Sikuambii ujibu. Nimeiandika tu, kwa herufi kubwa, ili mtu asije akasema haikusomeka.

Kemilembe Cleophace,
K.K. MWALIMU MKUU, SHULE YA MSINGI,
S.L.P. 9, MAGU.